Mraba wa Arobaini na Moja

Nyasi za chini ya maji hulala upande mmoja. Mkondo ukielekea magharibi, zote hulala magharibi, shamba zima, na anayezitazama kutoka juu huona kichwa kilichochanwa na kitana kimoja. Kezia Nyamhanga alikuwa amezitazama kutoka juu kwa miezi saba. Kazi yake ilikuwa kurusha droni juu ya ziwa upande wa Mbita na kuzipima zile nyasi: zimeenea wapi, zimekufa wapi, samaki aina ya ngege wanatagia wapi. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumanne, alipoona kwenye picha mahali padogo, mfano wa kitanda, ambapo nyasi zilikuwa zimelala mashariki, aliisogelea skrini.

Aliivuta picha ikaja karibu. Katikati ya nyasi zile kulikuwa na kitu kirefu cha rangi ya matope. Gogo, alijiambia. Akaivuta tena. Gogo lilikuwa na mkono, na mkono ulikuwa na vidole vitano vilivyotanuka.

Nani asiyejua alikuwa nani? Tangu Jumapili Mbita nzima ilikuwa ikimzungumzia Tony, mvuvi wa kisiwa cha Rusinga aliyepinduka na mashua yake, akamwacha mkewe Joyline amekaa ufukweni hali wala halali. Wavuvi walikuwa wamesimamisha uvuvi, ndiyo desturi yao, hadi mtu apatikane au akatiwe tamaa. Boti za kumtafuta zilikuwa zimekwenda upande wa pili wa kisiwa, alikopindukia. Upande huu ziwa lilikuwa tupu. Na mimi sitaki kumsingizia Kezia, ila ukweli lazima usemwe: yeye utupu ule ulimfurahisha. Hakuna injini, hakuna mawimbi, hakuna aliyekoroga tope. Maji yalikuwa maangavu mpaka chini, na mkuu wa mradi alitaka ramani ifike mezani kwake Ijumaa, kabla upepo haujarudi.

Akisema alichokiona, nusu ya Rusinga ingeingia majini na makasia, na wiki ingekwenda na maji. Nitasema Ijumaa, aliwaza. Kwani aliyekufa ana haraka gani? Kezia alizaliwa Ntimaru, vilimani, kwenye ng'ombe na mpaka wa Tanzania, na ziwa alilitia machoni akiwa na miaka kumi na tisa. Desturi za maji hakuzijua, na wala hakuwa ameuliza.

Ramani yake ilikuwa imegawanywa miraba sitini. Mraba wa kwanza ulikuwa ua wa nyumba aliyopanga, kando kabisa ya ziwa, pale alipotandika mkeka wa kurushia droni. Miraba ilihesabiwa kutoka hapo kwenda majini. Kila mraba aliupaka rangi kwenye kompyuta: kijani ni nyasi, njano ni mchanga, kijivu ni vitu visivyohesabiwa, kama mashua iliyooza au wavu uliopotea. Kilichopakwa kijivu mashine hukipita kana kwamba hakipo.

Ule ulikuwa mraba wa arobaini na moja. Kezia alichukua kijivu akampaka Tony kuanzia kichwani hadi miguuni, akanawa mikono, ingawa hakuwa ameshika chochote.

Binti yake Liz, mwenye miaka sita, alirudi shuleni na kudai tableti kama kawaida yake. Tableti ile ndiyo iliyokuwa ikipokea picha za droni moja kwa moja ikiwa hewani, na Liz alizipenda kuliko katuni. Alizipitisha moja moja kwa kidole akitafuta viboko. Siku hiyo Kezia alimwambia haina chaji. Liz akainama, akainusa meza, akauliza kwa nini nyumba inanuka tope.

Jumatano Kezia alifungua ramani na kukuta doa la kijivu kwenye mraba wa thelathini na tatu. Hakuwa amelipaka. Urefu uleule, mkono uleule. Akaufungua wa arobaini na moja: nyasi zote zimelala upande mmoja, kijani kitupu, kana kwamba hapakuwahi kulala mtu. Programu imechanganyikiwa, alisema kwa sauti, ili asikie mtu akisema. Alhamisi doa lilikuwa kwenye mraba wa ishirini na sita. Ijumaa, wa kumi na tisa. Kila siku alilifuta, na kila siku lilikuwa limesogea ufukweni.

Ijumaa hiyohiyo aliituma ramani, ikapokewa kwa sifa, na mdomo wake ulikuwa huru kusema. Hakusema. Siku nne zilikuwa zimepita, na sasa angeulizwa: ulijua tangu lini? Aibu ikafanya kazi ambayo kazi yenyewe ilikuwa imeianza.

Jumamosi Levis, mwendesha boti wa mradi, aliomba ruhusa ya kwenda mazikoni Rusinga. Jumatatu alipokuwa akimimina petroli kwenye tangi alimsimulia Kezia, kwa sauti ya mtu aliyechoka, jinsi Tony alivyozikwa bila Tony. Wazee walikuwa wamekwenda kutafuta yago, lile tunda refu zito la mwegea linaloning'inia kama mguu wa mtu, wakalifunga sanda nyeupe, wakaliita kwa jina la marehemu na kulilaza kaburini. Joyline alililia tunda. Huko ziwani asiyepatikana huzikwa hivyo, ili naye awe na mahali pake.

Kezia akauliza, kana kwamba anauliza habari za hali ya hewa, itakuwaje mtu mwenyewe akija kupatikana baadaye. Levis alifunga mfuniko wa tangi kwanza.

"Hiyo ni mbaya, Madam," alisema. "Akuje apate kwake kumelalwa na mwingine? Ataenda wapi sasa?"

Jumatatu hiyo doa lilikuwa kwenye mraba wa pili. Wa pili ni maji ya magoti, pale Liz alipozoea kuoshea viatu vyake vya shule.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika, na Kezia alikuwa akiyapa kila jambo sababu yake ili apate kuendelea. Harufu ya tope ni ziwa. Sakafu yenye maji mbele ya kitanda cha mtoto ni paa. Mtungi mkavu uliosimama jikoni, ambamo ndani yake tone lilisikika likidondoka, likanyamaza, likadondoka tena, mchana kweupe, redio ikiwa inaimba, huo aliutoa nje, na alipoupindua hakuna kilichomwagika, na alipourudisha ndani tone liliendelea pale lilipokuwa limeachia. Alikuwa hakai. Akikaa anainuka, akiinuka anakwenda dirishani, dirishani anakuta ziwa limelala kimya, anarudi kukaa. Chakula alikipika akasahau kukila. Nywele za Liz alizikuta zimelowa mara mbili kabla ya kuoga, na mara zote mbili mtoto alisema ni mjomba.

"Mjomba gani?" Kezia aliuliza, akijua kaka zake wote wako Ntimaru.

"Yule wa maji. Anasema wewe ndiye unajua kwao."

Jumanne, jua ndiyo kwanza linachomoza, Kezia aliamka na kukuta kitanda cha Liz kitupu na mlango wa nyuma, ambao alikuwa ameufunga kwa komeo kwa mkono wake mwenyewe, uko wazi, na kupitia mlango ule, ng'ambo ya ua na mkeka wa kurushia droni na mstari wa kanga waliokuwa wakidonoa mchanga bila wasiwasi wowote, alimwona mtoto wake yuko majini na gauni la kulalia, maji yanamfika kiunoni, anakwenda polepole bila kupapasa, mkono wake wa kulia umeinuliwa juu kidogo, jinsi mtoto anavyouinua mkono anapovushwa barabara na mtu mzima. Pembeni yake hapakuwa na mtu. Maji yaliyokuwa pembeni yake ndiyo yaliyokuwa yakigawanyika.

Kezia alikimbia kwa jinsi ambavyo hajawahi kukimbia. Alimnyakua Liz kiunoni akavuta, na kwa muda, mfupi tu lakini hatausahau, kitu upande wa pili kilivuta pia. Kisha kikaachia. Kiganja cha Liz kilikuwa baridi na kimekunjamana kama cha mtu aliyefua kutwa, na kati ya vidole vyake kulikuwa na majani marefu ya kijani yasiyoota karibu na ufuko. Huota kuanzia mraba wa arobaini.

Levis alipofika kazini aliwakuta wameketi juu ya mkeka, mama amemfunga mtoto kwenye mwili wake kwa leso kama mtoto mchanga. Kezia akamweleza yote. Alipomaliza, Levis, yule kijana mcheshi ambaye hata petroli ilipowaishia katikati ya ziwa alitania, alikaa chini mchangani.

"Madam, uliona mtu."

"Niliona picha tu, Levis. Ilikuwa kwa skrini."

"Uliona mtu," alirudia kwa upole, na ule upole ulimuuma Kezia zaidi ya tusi. "Huku kwetu ukiona mtu kwa maji unaacha nyavu, unaacha kila kitu. Hata kama humjui. Unamfunga kamba na mkono yako, unamleta nchi kavu. Ukimpita atakufuata mpaka kwako. Tunaita hiyo chien, roho ya maiti. Si mbaya mwanzoni. Anataka tu apelekwe."

Waliondoka wakaenda kwa shangazi yake Levis, ambaye kwa lugha yao alimwita Waya Emmaculate, nabii wa kanisa dogo la Roho nje kidogo ya mji. Walimkuta akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juani, kanzu yake nyeupe ameifunga kiunoni isishike magamba. Kezia alitegemea uvumba na kelele. Mama yule alimtazama Liz kwanza, kitambo kirefu, kisha akanawa mikono, akauliza droni ni nini. Alipoelezwa akaguna.

"Ulituma jicho likaenda," alisema. "Likaona, likakurudia na habari, na habari ukaizika. Jicho ni lako, mwanangu. Hata kama ni la chuma ni lako. Nenda umlete."

"Lakini sasa yuko karibu na nyumba, Waya. Kila siku anasogea."

"Kinachosogea si mwili. Mwili uko pale pale ulipouacha."

Droni ndiyo iliyowaongoza. Kezia aliirusha hadi mraba wa arobaini na moja ikasimama hewani, na Levis akaendesha boti mpaka chini yake, maana majini hakuna alama nyingine. Tony alikuwa pale. Nyasi zilikuwa zimemfunika vizuri. Kezia aliingia majini mwenyewe, akaipitisha kamba ya nailoni chini ya makwapa ya mtu yule, akafunga fundo, akamwomba msamaha kwa Kikuria, kwa sababu ndiyo lugha pekee aliyoweza kulia nayo. Walimvuta taratibu hadi Rusinga. Joyline alikuja hadi maji ya kifundo, akasimama. Kezia alikuwa amejiandaa kupigwa. Mjane alimuuliza jambo moja tu, siku ngapi, na alipojibiwa wiki nzima akampa mgongo.

Polisi waliandika yao, hospitali ikaandika yao. Siku ya tatu kaburi lilifukuliwa, yago likatolewa, Tony akalazwa mahali pake. Usiku ule mtungi ulinyamaza. Liz alilala mpaka asubuhi na nywele zake kavu, na Kezia alikaa kando ya kitanda akizipapasa, akicheka na kulia kama mwehu. Angeweza kuishia hapo, na mimi ningefurahi kuishia hapo naye.

Lakini lile tunda lilikuwa bado lipo. Waya Emmaculate alimkabidhi Kezia likiwa ndani ya sanda yake, zito, lenye udongo.

"Hili liliitwa mtu, likalala kwa mtu siku sita," alisema. "Sasa limefukuzwa, na limeshazoea kuwa na jina. Lirudishe pale ulipomwona yule. Lifunge jiwe, liachie, ondoka. Usigeuke kulitazama. Wala mtu wa nyumba yako asilitazame tena. Likiona linatazamwa litajua lina pa kwenda."

Kezia alirudia maneno yale mdomoni kama mtoto anayetumwa dukani. Asubuhi iliyofuata alimwacha Liz kwa jirani, akairusha droni ikasimame juu ya mraba wa arobaini na moja, akapanda boti na Levis. Walipofika chini yake alifunga jiwe, akainama akiwa amefumba macho, akaliachia. Alilisikia likizama. Levis akageuza boti, na wote wawili wakakodoa macho ufukweni, shingo zimekakamaa, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Kezia alisikia nyuma yake mvumo wa droni, ule mvumo wa nyuki aliousikia kila siku kwa miezi saba, na ukampoza moyo. Hakuwa na haja ya kuigusa. Betri ikikaribia kwisha hurudi nyumbani yenyewe, mraba kwa mraba, ikipiga picha njiani.

Nyumbani alikuta imeshatua kwenye mkeka. Alichemsha chai. Alikunywa kikombe kizima, cha kwanza kukimaliza kwa zaidi ya wiki, na alikuwa akisuuza kikombe hicho alipokumbuka maneno ya Waya. Jicho ni lako. Kikombe kilimtoka mkononi. Mtu wa nyumba yako asilitazame. Alikimbia mkekani, akang'oa kadi ya picha kwenye droni bila kuitazama, akaenda kuitumbukiza chooni, akasimama pale akihema, akijiambia kwamba picha isiyotazamwa haijaona kitu.

Ndipo akakumbuka tableti.

Aliporudi ndani Liz alikuwa amekwisha letwa na jirani. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya kochi, miguu inapunga hewani, tableti mbele yake, kidole chake kinapitisha picha.

"Liz. Weka chini. Usiangalie."

"Lakini mama, ni mimi."

Kezia alifumba macho. Alimwendea kwa kupapasa, akagonga meza kwa goti. Alisema weka chini, mwanangu, tafadhali.

"Hapa nimelala kwa nyasi, na kitambaa nyeupe," Liz alisema kwa furaha, kama alivyofanya siku alipompata kiboko. "Nimefungua macho. Naangalia juu."

Kidole kikateleza juu ya kioo.

"Hapa nimeamka. Hapa nimekaribia, ona nimevaa sweta yangu ya shule. Hapa niko pale naosha viatu."

Kezia alipata kitambaa cha kochi, akapata gauni, akapata mguu mdogo wa mwanawe, wenye joto, mkavu, akaukumbatia kwa mikono yote miwili. Jikoni, ndani ya mtungi, tone lilidondoka.

"Na hapa niko kwa mlango," Liz alisema. "Mama, nifungulie."

Sauti ileile, safari hii ilitoka nje.